Maswali ya wasomaji: ufa wa Mikindani, ukuta wa Bamburi na tope la Sabaki

Anayejibu ni mpimaji mstaafu wa kina cha bahari, mkazi wa Mombasa

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Nyumba yangu iko Mikindani, kwenye mteremko unaotazama hori. Jirani wa chini alikata ukingo ili apate kiwanja sawa cha kujengea. Tangu mvua za mwezi uliopita pana ufa nyuma ya jiko langu, umejipinda kuufuata ukingo, na mlango wa nyuma haufungi tena. Fundi anasema niuzibe kwa simiti, itaisha. Ni kweli? (Mama wa Mikindani)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya simiti, hili kwanza: mvua kubwa ikianza, chukua watoto mkalale kwa ndugu aliye mbali na mteremko huo. Sitazunguka. Ufa uliojipinda juu ya ukingo uliokatwa, na mlango uliokataa kufunga, ni dalili kwamba ardhi yenyewe imeanza kuteremka na nyumba imo juu yake.

Mikindani na kisiwani Mombasa ni ardhi mbili tofauti. Kisiwani tumekalia jiwe la matumbawe, ambalo mchimba choo hulipigia nyundo na tindo siku nzima. Ukishavuka Makupa kwenda bara unaingia kwenye mwamba mwingine kabisa, tope la bahari ya kale lililoganda zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Shika kipande: kinabanduka vibamba vibamba. Kikikaa juani na mvuani hugeuka udongo wa mfinyanzi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa masika. Mvua inapokuja, maji huingilia kwenye nyufa zile zile za kiangazi.

Na maji yakishaingia hufanya mambo mawili. Huongeza uzito, hilo kila mtu analijua. La pili ndilo linaloua. Yakijaa kwenye vinafasi vilivyo kati ya chembe za udongo, huzisukuma ziachane, na msuguano uliokuwa ukizishikanisha hupungua. Mteremko uliosimama tangu enzi za babu zako huondoka kwa dakika chache. Ndivyo ilivyokuwa Pokot Magharibi usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019, vilima vilivyoshiba maji vilipoporomokea vijiji na kuua watu zaidi ya 50. Ndivyo ilivyokuwa Katesh, Tanzania, tarehe 3 Desemba 2023: sehemu ya Mlima Hanang ililowa ikameguka, ikashuka hadi mjini ikiwa tope lenye mawe na magogo, na waliokufa walizidi 80. Mteremko wako ni mdogo, najua. Lakini nyumba haihitaji mlima mrefu ili izikwe.

Jirani alipokata ukingo aliondoa udongo wa chini, na huo ndio uliokuwa ukiuzuia wako. Simiti haitaurudisha. Itakachofanya ni kuuficha ufa, usiuone ukipanuka. Pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, pima nafasi iliyo kati yao kila asubuhi na uandike kwenye daftari. Namba ikiongezeka, hama, usingoje wiki ijayo. Mdomo wa ufa ujaze udongo ulioshindiliwa na uufunike kwa turubai ili maji yasiingie. Maji ya paa yapitishwe kwenye mtaro hadi pembeni, na maji ya vyombo na ya bafu yasimwagwe mteremkoni hata kidogo. Kisha mwende kwa chifu, wewe na jirani pamoja, na daftari lako mkononi. Pale chini panatakiwa ukuta wa mawe wenye matundu ya kutolea maji, uliopimwa na mhandisi. Ukuta usio na matundu utayakusanya maji nyuma yake, na hiyo ni hatari mpya.

SWALI: Assalaam aleikum. Familia yetu ina kiwanja cha ufuoni Bamburi. Jirani alijenga ukuta wa mawe dhidi ya bahari, na tangu hapo upande wetu unaliwa. Mivinje miwili imeshaanguka. Ndugu zangu wanataka tujenge wetu, mrefu kuliko wake. Wewe wasemaje? (Msomaji wa Kisauni)

JIBU: Waaleikum salaam. Nasema msijenge, na nitaeleza kwa kirefu, kwa maana swali hili naletewa hata msikitini.

Chukua mchanga wa hapo kwenu kiganjani, uutazame juani. Utaona vipande vya matumbawe, vigamba vya konokono, na vijiganda vyeupe vya mwani ule mgumu wenye chokaa. Mchanga huo haukuletwa na mto. Umetengenezwa mbele yenu, kwenye mwamba wa matumbawe ulio baharini, ambako mawimbi hupasuka. Fundi mmoja wa kazi hiyo mnamjua sokoni: samaki pono. Meno yake yameungana yakawa mdomo mgumu, huguguna jiwe la matumbawe ili ale mwani uliomo, hulisaga kooni, kisha huutoa unga wake nyuma ukiwa mchanga mweupe. Ukizamia kwenye mwamba siku ya maji mafu, bahari imetulia, utamsikia akiguguna. Pwani ya Mombasa imekuwa na mbuga ya baharini tangu 1986, na mimi huwaambia vijana kwamba pono wanaolindwa humo wanawatengenezea ufuo wa kuchezea mpira.

Mwamba huohuo ndio ukuta wenu wa kwanza. Mwamba ulio mzima huvunja zaidi ya asilimia 90 ya nguvu ya wimbi kabla halijafika ufuoni. Mwaka 1998 bahari ilipashwa joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe na kufa, na mwamba uliokufa hubomoka polepole. Anayetaka kujua ufuo wa Bamburi unakwenda wapi atazame huko nje kwanza.

Halafu mchanga hauketi. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili, mawimbi huja kutoka kusini na kuusogeza kaskazini. Ikivuma kaskazi, Novemba hadi Machi, mwingi hurudi. Ndiyo maana kipande cha ufuo hukonda nusu ya mwaka na kunenepa nusu nyingine. Aliyenunua kiwanja Februari akaona mchanga unaondoka Juni hudhani bahari imeamua kumfukuza, akaita mafundi.

Sasa ukuta. Wimbi likipanda ufuo ulioinama hutambaa, huchoka, maji yake mengine hunywewa na mchanga, likirudi halina nguvu. Likigonga ukuta wima hurudishwa na nguvu zake karibu zote, nazo huchimba mguuni mwa ukuta. Siku za bamvua kubwa, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Mombasa hukaribia mita 4, kwa hiyo bahari hufika ukutani ikiwa na kina cha kutosha cha kupigia. Mchanga wa mbele hupotea. Na pale ukuta unapokoma, wimbi huizunguka ncha likala udongo usio na kinga. Hapo ndipo ilipo mivinje yenu, tena mvinje mizizi yake ya ufuoni haizami sana, huwa wa kwanza kuanguka.

Mkijenga mrefu zaidi, ncha itahamia kwa jirani wa tatu, naye atajenga. Tayari kuna sehemu za pwani hii ambazo maji yakijaa huwezi kupita kwa miguu; mvuvi anasimama na ndoo yake akingojea maji yapwe ndipo arudi kwao. Hili linaniuma. Ufuo ni njia ya watu wote.

Mtaniuliza: mbona Fort Jesus imejengewa ukuta wa kuzuia bahari? Nao niliuunga mkono. Ngome ile imesimama juu ya jabali la matumbawe tangu 1593, mawimbi yalikuwa yakiitafuna miguu yake, na ngome haina pa kuhamia. Kiwanja chenu kina nafasi. Rudisheni uzio nyuma. Pandeni mlakasa, ule mtambaazi wa maua ya zambarau, na mikadi nyuma yake, vikamate mchanga unaopeperushwa. Acheni kufagia majani ya bahari yanayotupwa ufuoni. Yananuka, sikatai, lakini hushika mchanga. Na jirani mkae naye kikao, mumwulize kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, cha ukuta wake, kwa maana ujenzi wa namna hiyo hauruhusiwi bila kuchunguza kwanza utawaathiri vipi walio pembeni.

SWALI: Kwetu Malindi ufuo unazidi kuwa mpana na maji huwa ya kahawia, lakini kule kwenye nguzo ya Vasco da Gama jabali linaliwa. Mji mmoja, mbona mambo mawili? (Msomaji wa Malindi)

JIBU: Mambo mawili kwa sababu vyakula ni viwili: ghuba yenu hulishwa mchanga na mto, na rasi yenye nguzo huliwa na mawimbi. Mto Sabaki huingia baharini kaskazini ya mji wenu, lakini maji yake yametoka mbali. Ndiyo Athi ule unaopita karibu na Nairobi, unaozunguka Ukambani, ukakutana na Tsavo na kuitwa Galana. Kila shamba lisilo na matuta na kila kilima kilichokatwa miti huko juu huutilia mto udongo. Mvua za vuli hupandisha mto Novemba na Desemba, wakati kaskazi imeanza kuvuma, na tope husukumwa kusini hadi kwenye ghuba yenu. Wakati wa kusi huelekea Mambrui. Mchanga hutua ghubani ufuo ukapanuka, na hoteli zilizojengwa karibu na maji sasa zina mwendo kabla wageni hawajalowa miguu.

Na haya hayakuwa hivi tangu zamani. Matumbawe hukua kwa tabaka za kila mwaka, na wanasayansi walitoboa tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi, wakapima bariamu iliyomo, ambayo huja na udongo wa mtoni. Tabaka za zamani zina kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 20, ukoloni ulipobadilisha kilimo huko juu, kiasi kikaanza kupanda. Mkulima wa Machakos anayechimba matuta leo anawafanyia kazi wavuvi wa Malindi ambao hatawaona.

Nguzo yenyewe iko kwenye rasi, inajitokeza baharini. Mawimbi huikusanyikia rasi kuliko ghuba, na jabali lake ni chokaa, ambalo maji ya mvua huliyeyusha kwa juu huku wimbi likilichimba kwa chini hadi libaki linaning'inia. Kisha kipande huanguka.

SWALI: Shikamoo. Mwalimu alisema Mombasa haikuwa kisiwa. Je, bahari itakauka tena tuvuke Likoni kwa miguu? (Mwanafunzi, darasa la saba, Likoni)

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Mwalimu wako amesema kweli. Miaka 20,000 hivi iliyopita maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda barafu kwenye nchi za baridi, na bahari ilikuwa chini ya ilivyo sasa kwa mita 120 hivi. Mito iliyotoka bara ilipita hapo unapopandia feri, ikachonga mabonde marefu kwenye jiwe la matumbawe. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda, ikayajaza mabonde. Kilindini ni bonde la mto lililozama, na hori ya Tudor vilevile.

Nikiwa kijana kwenye mashua ya kupimia tulikuwa bado tunatupa bildi, risasi nzito kwenye kamba yenye alama. Chini yake tulipaka shahamu ili inase kilichoko huko. Nje ya mwamba ilirudi na mchanga mweupe. Ndani, kwenye hori ya Port Reitz, ilirudi na tope la kijivu linalonata, tope la bara, kwa maana Mto Mwache bado unamwaga udongo mle. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha mwingi sana hata mikoko ya Mwache ikafukiwa mizizi ya kupumulia, ikafa ikiwa imesimama.

Kuhusu kuvuka kwa miguu: safari hii barafu inapungua na bahari inapanda, kwa hiyo hapana, utaendelea kupanda feri. Lakini mwombe mwalimu awapeleke bustani ya Mama Ngina, ukingoni mwa bahari, siku ya bamvua, saa ya maji kupwa. Ukutani mwa jabali mtaona matumbawe yenye maumbo yake kamili, yaliyokuwa hai chini ya maji wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo, takriban miaka 125,000 iliyopita. Nenda na daftari uyachore.