Mbweha wa kijivu hatafutwi ardhini tu

Wadogo zangu mnaokuja Texas kusomea wanyamapori, msimamizi akikupangia mbweha wa kijivu usije na hesabu za bweha wa Serengeti. Mimi nilikuja nazo, zikanila wiki tatu.

Nilifunga kamera sita kando ya vijia, kwenye msitu wa mialoni na mireteni, kimo cha goti kama nilivyozoea nyumbani. Kila nikichomoa kadi: rakuni (mnyama mdogo wa usiku mwenye alama nyeusi kama barakoa usoni), kulungu, rakuni, ng'ombe wa jirani. Mbweha hata mkia. Mzee mwenye shamba akaniuliza swali moja tu: "Juu umeangalia?" Nikaielekeza kamera moja kwenye mwaloni ulioinama. Usiku wa pili akaonekana, anashuka kichwa kikitangulia, taratibu, kama paka anayetoka dirishani.

Mnyama huyu ni wa ukoo wa mbwa lakini anapanda miti. Kucha zake zimepinda, na miguu ya mbele inageuka kiasi cha kulikumbatia shina. Huko juu kuna matunda, lakini kuna usalama pia: koyote, mbwa-mwitu mdogo wa Amerika, humuua akimkuta chini, na koyote hapandi mti. Kwa hiyo ukiona dalili nyingi za koyote kwenye nyasi wazi, usipoteze betri hapo. Ingia vichakani na kwenye mawe.

Kinyesi ndicho kitakachokulipa kuliko kamera. Hakifichi. Anakiweka juu ya jiwe, juu ya gogo, katikati ya njia, ni kama anabandika tangazo. Majira ya baridi nimekivunja kwa kijiti nikakuta mbegu za mreteni tupu, nikadhani nimekosea mnyama. Mwisho wa kiangazi kinageuka chekundu kwa dungusi. Katikati yake utakuta manyoya ya sungura, mifupa ya panya, miguu ya panzi. Anakula kinachopatikana, basi. Vaa glavu na barakoa: kinyesi cha rakuni kina mayai ya minyoo hatari kwa binadamu, na mgeni hukichanganya kirahisi na cha mbweha.

Rangi ndiyo inayoangusha wengi. Anaitwa wa kijivu, lakini shingo, ubavu na miguu vina wekundu, na kwenye picha ya mchana mgeni anaandika "mbweha mwekundu" bila wasiwasi. Tazama mkia. Mwekundu ana ncha nyeupe. Huyu ana ncha nyeusi na mstari mweusi unaopita juu ya mkia. Mkia haukuonekana? Andika "hakutambulika" uendelee. Ukiokota fuvu, kazi ni rahisi zaidi: juu yake kuna matuta mawili yanayokutana kwa umbo la herufi U. La mwekundu yanakutana kama V.

Wanapandana kuanzia katikati ya baridi hadi Machi hivi, na watoto kwa kawaida ni kama wanne. Shimo lao laweza kuwa gogo lenye uwazi, mwanya wa mwamba, hata tundu la mti juu kabisa. Baba naye huleta chakula. Ukilipata, funga kamera mara moja kisha kaa mbali. Ukizidi kurudi watahama.

Chanjo ya kichaa cha mbwa pigwa kabla ya kuingia porini, si baadaye. Miaka ya 1990 magharibi mwa Texas kulienea aina ya kirusi iliyobebwa na mbweha hawa hawa, hadi serikali ya jimbo ikaanza kudondosha kwa ndege chambo zenye chanjo. Kumwona mchana si lazima awe mgonjwa. Lakini akiyumba, au akikukaribia bila woga, rudi kwenye gari upige simu.

Na usiku wa kwanza kambini ukisikia kikohozi kikavu, cha mtu aliyevuta sigara miaka arobaini, usimwamshe mwenzako: ni mbweha anabweka. Mimi niliwaamsha wote.