Maswali na majibu: Uchumi ukiyumba, tuanze kumwinua nani?

Wiki iliyopita niliandika kwamba nchi ikitoka kwenye msukosuko, iwe vita, ukame au benki kuanguka, hela ya kujijenga upya ianzie kwa mtu wa chini, na huyo mtu awe na kauli juu yake. Maswali yamekuja mengi, haya ni baadhi.

Serikali ikiishiwa si ifunge mkanda kwanza? Hata nyumbani hela ikipungua tunapunguza matumizi. (Msomaji, Kibaigwa)

Nyumbani ukiacha kununua sukari mshahara wako haupungui kaka. Serikali ikiacha kulipa na kununua, fundi anakosa kazi, mama ntilie anakosa wateja, kodi inashuka na lile pengo ulilotaka kuziba linazidi kuwa kubwa. Hapo sokoni kwenu mnaliona wenyewe, mnunuzi mkubwa wa mahindi asipokuja basi hadi mpakia magunia na muuza chai wanalala njaa. Uingereza walianzisha matibabu ya bure kwa kila mtu Julai 1948, wametoka vitani na deni lao limezidi mara mbili ya pato la mwaka mzima la nchi, na walifanya hivyo. Mimi nasema tukate semina za hotelini na misafara, dawa za zahanati tusiziguse.

Nimemaliza chuo, niko Chang'ombe sina kazi. Hizo sera zinanisaidia nini mimi? (Kijana, Dodoma)

Mdogo wangu, hili ndo swali lenyewe. Marekani mwaka 1933 karibu mtu mmoja kati ya wanne kwenye nguvu kazi hakuwa na ajira, Rais Roosevelt akaingia madarakani na hakusubiri wawekezaji, akawachukua vijana kwa kazi za umma, kupanda miti na kuzuia mmomonyoko, kwa dola 30 kwa mwezi na 25 kati ya hizo zinatumwa moja kwa moja kwa familia nyumbani, na mpaka mpango unafungwa 1942 walikuwa wamepanda miti kama bilioni 3. India wao mwaka 2005 wakaiweka kwenye sheria kabisa, kila kaya ya kijijini ikapewa haki ya siku 100 za kazi kwa mwaka, ukiomba na siku 15 zikapita hujapewa ulitakiwa kulipwa posho.

Sasa angalia Dodoma yetu, kazi ziko tele: makorongo, mabwawa yaliyojaa tope, barabara za vijijini, miti. Na tuna historia, mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza Kondoa mwaka 1973, matuta yakachimbwa, miti ikapandwa, ardhi iliyokuwa imekufa ikarudi kijani. Ila mwaka 1979 mifugo iliondolewa maeneo yale kwa amri, na mfugaji ndo alibeba gharama, hilo tusilirudie. TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, nao wana ajira za muda kwa kaya maskini, ninachotaka mimi iwe haki ya kila kijana anayeomba, na wewe msomi usimamie vipimo na hesabu za mradi ulipwe vizuri.

Maskini ukimpa hela mkononi si ataimaliza tu? (Msomaji, Manyoni)

Hapana. Brazil na Bolsa Família yao, mpango wa kuzipa kaya maskini hela ulioanza 2003, hela anapewa zaidi mama, kwa sharti watoto waende shule na wapate chanjo, na kaya nyingi mno zimenyanyuka. Hata hapo Manyoni mama akipata hela anawaza unga, daftari, kuku wa kufuga.

Madeni je? Tutayalipa mpaka lini? (Mzee, Kondoa)

Shikamoo mzee wangu. Ujerumani Magharibi mwaka 1953 kule London walisamehewa karibu nusu ya madeni yao ya nje, na malipo yakapangwa kulingana na wanavyouza nje. Yaani waliotoka kupigana nao ndo wakakubali! Na sisi tuliposamehewa sehemu ya deni mwaka 2001, kipindi hicho hicho ada ya shule ya msingi ikafutwa, wajukuu zako wakaingia darasani. Kwa hiyo kudai masharti ya haki sio kuombaomba.

Hizo hela zikija si zitaliwa juu? (Msomaji, Mpwapwa)

Zinaliwa pale ambapo hamna anayeuliza. Porto Alegre kule Brazil tangu 1989 wananchi wa mitaani walikaa vikao kuamua bajeti ya uwekezaji ya jiji, na maji na mifereji ikafika kwenye mitaa iliyosahaulika. Sisi tunao mkutano mkuu wa kijiji, kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea anaingia, na mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa humo. Kama kwenu hayajasomwa, nendeni wengi, akinamama na vijana wa bodaboda mkiwemo, ombeni yasomwe na swali lenu liandikwe kwenye muhtasari, likijibiwa nusunusu mliulize tena kikao kijacho.