Nunua Katalogi Kabla ya Gitaa

Juzi kijana mmoja wa Morogoro kaniandikia. Kaliona gitaa la umeme kuukuu kwa mzee aliyewahi kumiliki vyombo vya bendi. Mzee anasema ni Fender Stratocaster ya 1962, bei milioni tatu, haipungui. Kijana ana milioni mbili na nusu mkononi, iliyobaki anataka kukopa. "Kaka, ninunue?" Ndilo swali lake lote.

Nikamjibu kwa swali: katalogi unayo? Hakunielewa. Nasema kile kijitabu cha kiwanda chenye picha, rangi na bei za magitaa yake. Acha basi nieleze hapa, maana najua hayuko peke yake, na jambo hili mimi limenigharimu kiasi ambacho hadi leo nikikikumbuka moyo unauma.

Naishi Yokohama, riziki yangu ni magari yaliyotumika yanayokwenda Dar na Mombasa. Lakini penzi la magitaa halikuanzia Japani, lilianzia Tanga. Mjomba wangu alikuwa mpiga ridhimu, enzi zile mji una Atomic Jazz na Jamhuri Jazz na kila kijana mwenye vidole anataka kushika solo. Bendi yake ilikuwa ndogo, na kama ilivyokuwa kwa bendi nyingi, vyombo havikuwa mali ya wanamuziki, vilikuwa vya mwenye bendi. Siku walipokosana, mjomba alirudi nyumbani mikono mitupu baada ya miaka minane jukwaani.

Alichobaki nacho ni ukurasa mmoja wa katalogi. Ulikuwa umekunjwa mara nne, mikunjo imechanika ikaunganishwa kwa vipande vya karatasi ya daftari kwa nyuma. Katikati kulikuwa na gitaa jekundu lililozungushiwa duara la penseli, na pembeni hesabu za shilingi, mstari chini ya mstari, miezi ya kuweka akiba. Sisi watoto tulikuwa tunaruhusiwa kuutazama, si kuushika. Gitaa lenyewe hakulipata mpaka anaingia kaburini. Kwa hiyo mtu akiniambia katalogi ni karatasi tu za matangazo, najua hajawahi kukitamani kitu kwa miaka mingi.

Nilipofika Japani na kupata pesa kidogo, rafiki alinipeleka Ochanomizu. Ukitoka stesheni ukaifuata barabara inayoteremka kupita Chuo Kikuu cha Meiji, maduka ya magitaa yamepangana huku na huku kama maduka ya kanga Mtaa wa Uhuru. Nilisimama pale kama mtu aliyeingia peponi. Ukiendelea kuteremka kidogo tu unaingia Jimbocho, mtaa wa vitabu vya mitumba, na huko ndiko katalogi za zamani zinakouzwa. Barabara ni moja: juu magitaa, chini karatasi zinazoyaeleza. Mimi kwa miaka miwili niliishia juu. Hilo ndilo kosa langu.

Mwaka 2016 nililiona gitaa kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Umbo la Les Paul, lile gitaa maarufu la kampuni ya Gibson ya Marekani, ila kazi ya Japani ya miaka ya 70, rangi ya samawati inayometameta. Muuzaji aliandika kwamba ni rangi ya kiwandani, adimu sana, na ni gitaa "la kesi". Nililipa yeni 140,000. Ilikuwa akiba ya miezi saba, na sehemu yake nilikuwa nimeiahidi nyumbani kwa ajili ya bati za nyumba ya mama. Nilimwambia mama asubiri. Akasubiri, hakulalamika, na kutolalamika kwake ndiko kulikoniumiza zaidi baadaye.

Miezi mitatu ikapita. Siku moja ya mvua nikateremka Jimbocho kujikinga tu, nikafungua boksi la makaratasi dukani, nikakutana na katalogi ya kiwanda kilekile, mwaka uleule ambao muuzaji aliutaja. Bei yeni 2,500. Nikaitafuta modeli yangu. Imepigwa picha vizuri, chini yake zimeandikwa rangi zilizotoka mwaka ule. Zilikuwa tatu. Samawati haimo.

Nilirudi nyumbani nikiwa na tumbo baridi. Nikalegeza nyuzi, nikafungua skrubu nne zinazoshika fremu ya pikapu ya shingoni (nasema zile sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi, si gari), nikaiinua taratibu, nikamulika tochi ndani ya shimo. Ukingoni, pale ambapo brashi ya mpuliziaji haikufika, ilionekana nyekundu ya cheri. Rangi ya samawati ilikuwa imemwagikia hadi ndani ya matundu ya skrubu, jambo ambalo huwezi kulikuta kwenye kazi ya kiwandani, kwa sababu kiwandani matundu yale hutobolewa rangi ikiwa imeshakauka. Gitaa lilikuwa limepakwa upya. Kwa wakusanyaji, rangi ikirudiwa thamani huanguka karibu nusu, hata kama kazi ni nzuri. Muuzaji nilipomwandikia alinijibu mara moja tu, kisha akanyamaza moja kwa moja.

Yeni 2,500 zingeniokolea akiba ya miezi saba. Hesabu hiyo naibeba mpaka leo.

Na lile neno "la kesi" nalo nilikuja kulielewa kwa kusoma. Mwaka 1977 kampuni ya Norlin, iliyokuwa ikimiliki Gibson, iliishtaki Marekani kampuni ya Elger iliyokuwa ikiuza magitaa ya Kijapani ya Ibanez huko, na shauri lilihusu umbo la kichwa cha gitaa lililofanana na la Gibson. Wakamalizana nje ya mahakama mwaka uliofuata. Ni kesi moja, mshtakiwa mmoja. Leo kila anayeuza nakala yoyote ya Kijapani ya miaka ile anaiita gitaa la kesi ili apandishe bei. Ukisikia neno hilo, funga pochi kwanza, fungua katalogi.

Baada ya pigo lile nilikaa mwaka mzima bila kununua gitaa hata moja. Nilinunua karatasi. Nilijifunza kuzisoma kama mwanafunzi wa madrasa anavyojifunza herufi, na nikagundua kwamba Wajapani wamemrahisishia kazi mtu mwenye subira. Chukua Greco, chapa ya Kijapani: EG500 ni gitaa lililouzwa yeni 50,000. Tokai LS-80, kutoka Hamamatsu, ni yeni 80,000. Namba ya modeli ndiyo bei, zimepunguzwa sifuri tu! Ukijua hilo, unajua mara moja gitaa lililo mbele yako lilikuwa la mwanafunzi au la mtu mwenye uwezo, na mtu hawezi kukuuzia la chini kwa jina la juu. Kisha namba za kiwanda: Greco na Ibanez zilizotoka FujiGen, kiwanda cha Matsumoto, kuanzia katikati ya miaka ya 70, herufi ya kwanza ni mwezi na tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka. A ni Januari, L ni Desemba. Gitaa lenye H78 limetoka Agosti 1978. Watu wanalipia wataalamu kuambiwa kitu ambacho mtoto wa darasa la tatu anaweza kukisoma.

Mwezi uliopita malipo ya subira hiyo yalikuja. Nilikuwa Saitama kufuata gari, nikapitia Hard Off, yale maduka ya vifaa vilivyotumika, nikaenda moja kwa moja kwenye kona ya vitu vibovu. Kulikuwa na gitaa limelazwa kati ya spika mbili. Halina nyuzi, kizungushio kimoja cha sauti hakipo, karatasi imebandikwa: halitoi mlio. Bei yeni 11,000. Nikaligeuza kichwa. Greco, D79. Aprili 1979. Nikautazama ukingo, nikazitazama funguo, nikatazama jinsi shingo ilivyounganishwa na kiwiliwili, na ukurasa ukanijia kichwani kama vile nimeufungua mezani: ni ile ya yeni 80,000. Mikono ilitetemeka nilipokuwa nalipa. Nyumbani nikaziinua pikapu, nyuma kuna muhuri wa Maxon, jina la Nisshin Onpa waliotengeneza pikapu za Greco, na ndani ya shimo rangi ni ileile ya nje, safi, hakuna mkono uliopita. Kilichokuwa kimelinyamazisha ni waya mmoja uliong'oka kwenye tundu la kuchomekea. Niliulehemu kwa dakika tano. Usiku ule nilipiga ridhimu ya mjomba hadi jirani akagonga ukuta.

Sasa ninyi mnaotaka kuanza, nisikilizeni. Katalogi kwanza. Usiniambie huna pesa ya katalogi wakati una pesa ya gitaa. Chagua kiwanda kimoja na miaka mitano tu, tafuta katalogi zake zote, zisome mpaka uzijue kwa moyo, ndipo utoke kwenda kununua. Anayekusanya kila kitu hukusanya hasara.

Na katalogi zenyewe zinaghushiwa. Chukua lenzi ya sonara, tazama picha. Ya kweli vitone vya wino vimejipanga vizuri na maandishi madogo yana ncha kali. Iliyonakiliwa kwa mashine vitone vinagongana na herufi zinatota. Tazama pini za katikati: za miaka ya 70 mara nyingi zina kutu iliyopenya kwenye karatasi, na kutu ya namna hiyo ni vigumu kuiigiza. Tazama jalada la nyuma: za Kijapani huwa na nafasi ya muhuri wa duka, na muhuri uliogongwa wa duka la mji mdogo ni raha peke yake. Usizitie plastiki ya moto, utaziua. Weka kwenye mfuko laini wa polithini, mbali na jua, na kama uko pwani weka na vipakiti vya kunyonya unyevu. Hewa ya chumvi haina huruma na karatasi wala na freti, vile vichuma vya shingoni.

Mkitaka kusafirisha gitaa, ujueni mti wake. Roswudi ya Brazil inalindwa kwa masharti makali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1992, haivuki mpaka bila vibali. Roswudi nyingine, pamoja na mpingo wetu ambao ni wa ukoo huohuo, ziliorodheshwa mwaka 2017, ila ala zilizokamilika zikaondolewa kwenye usumbufu huo mwaka 2019. Uliza kabla ya kupakia.

Namrudia kijana wangu. Fender za Marekani zina alama zake, na nilimwandikia zote. Fungua bati la mbele (lile la plastiki chini ya nyuzi), soma namba zilizogongwa kwenye vizungushio: zikianza na 137 ni za CTS, zikianza na 304 ni za Stackpole, kisha unafuata mwaka na wiki. 304 6612 ni wiki ya 12 ya 1966, na gitaa haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko vizungushio vyake, isipokuwa vimebadilishwa. Geuza nyuma, tazama bati la shingo, lile la chuma linaloshikilia shingo kwenye kiwiliwili. Likiwa na herufi F kubwa, limetoka baada ya CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, kuinunua Fender mwaka 1965. Na hesabu skrubu za bati hilo. Stratocaster ya 1962 ina nne. Za skrubu tatu zilianza mwishoni mwa 1971.

Haya yote yako kwenye katalogi na vitabu, hayahitaji kipaji. Yanahitaji mtu asiyekimbilia kufumba macho kwa sababu kitu kinang'aa. Mimi nilikimbilia, na mama yangu alilala msimu mmoja zaidi wa masika chini ya bati zinazovuja. Ndiyo maana nikiona kijana anataka kukopa kwa ajili ya gitaa ambalo hajalifungua hata skrubu moja, siwezi kumwambia maneno matamu.

Jana usiku kanitumia picha ya mgongo wa gitaa, kaipiga kwa mwanga wa simu, vidole vyake vinaonekana pembeni. Bati lina F. Skrubu ni tatu. Nimemwambia arudi kwa mzee kwa heshima zote, amwonyeshe, asimwite mwongo, maana huenda naye aliuziwa hivyohivyo, na asitoe hata shilingi mpaka wafungue bati la mbele pamoja. Bado nasubiri picha ya vizungushio.