Maswali yenu ya dojo: karate na ndondi, karate na judo

Nina mkanda wa kahawia wa karate ya Shotokan. Nimeanza ndondi, sasa sensei, mwalimu wangu wa karate, kaninunia. Nimekosa?

Kwenda ndondi si kosa, mdogo wangu. Kosa ni sensei kusikia kwa watu. Mfuate mapema kabla ya mazoezi, mkiwa wawili tu, umwambie mwenyewe. Akikujibu kwamba mshika mbili moja humponyoka, usibishane, ila historia ijue. Hironori Otsuka alikuwa mtu wa jujutsu, mapigano ya Kijapani ya kukamatana, kabla ya kujifunza karate kwa Gichin Funakoshi, mwasisi wa Shotokan. Alivichanganya, ikazaliwa Wado-ryu, mtindo mwingine wa karate. Na mikanda tunayoringia? Funakoshi aliiazima kwenye judo ya Jigoro Kano, akatoa mikanda myeusi ya kwanza ya karate mwaka 1924.

Tangu niingie ndondi, kata zangu (ile mifululizo ya hatua za karate tunayofanya peke yetu) zimeharibika. Mkono haurudi kiunoni.

Haya yalinikuta. Kwenye ndondi mkono unarudi shavuni, maana ukichelewa kuurudisha unakula ngumi ya uso. Kwenye kata unarudi nyongani, na wengi wetu tunauelewa hivi: mkono huo umeshika kitu, labda mkono wa mpinzani au nguo yake, unamvuta aje kwenye ngumi. Basi vuta kama umeshika kweli, ufunge ngumi kwa nguvu. Mwili hauchanganyi kazi mbili unazojua maana yake. Huchanganya mikao mitupu.

Angalia pia kisigino cha nyuma. Bondia anakiinua, zenkutsu-dachi, ule msimamo mrefu wa goti la mbele kukunjwa, inakitaka chini. Mimi nilikuwa nikitoka ndondi usiku nafika nyumbani, navua viatu uani, napiga kata moja ya Heian Shodan polepole kabla ya kuoga. Hatua 21, basi. Majirani walidhani nimerukwa na akili. Miezi kadhaa ikapita ndipo kisigino kikaacha kunisumbua.

Nafanya kazi za zamu. Niende mara ngapi kwa wiki?

Karate mara mbili, hiyo nyingine, ndondi au judo, mara moja. Zamu ikikubana, punguza hiyo nyingine. Mtihani wa mkanda ukikaribia, iache kabisa mpaka upite.

Nina miaka 44 na mkanda mweusi wa karate. Nataka kujaribu judo, lakini naona aibu kuvaa mweupe tena, na kuanguka naogopa.

Dada, vaa mweupe. Ukiingia na mweusi wako, kila kijana wa pale atataka kukupima. Kuanguka ndilo somo la kwanza: kidevu kifuani, mkono unapiga mkeka, kichwa hakigusi chini. Mwambie mwalimu umri wako na goti lako kama lina kesi, uanzie kwenye kuchuchumaa, siyo kusimama. Ukikwatuliwa mguu hutashangaa sana, ashi barai, kufagia mguu kwa karate, unaijua. Kigeni kwako kitakuwa kushikwa ukosi. Na kata kucha, za miguu pia.