Nimenunua Ploti, Nimekuta Bibi na Makaburi

Shikamoo shangazi. Mwaka jana nilichukua mkopo wa sacco nikanunua ploti nje kidogo ya mji wa Kilifi. Hatimiliki ina jina langu. Ndani anaishi bibi mmoja na wanawe, na nyuma ya nyumba yao kuna makaburi mawili. Wameapa hawatoki. Aliyeniuzia aliniambia ni maskwota tu, watahama. Siku hizi hashiki simu. Rafiki yangu anawajua vijana wa kubomoa usiku mmoja kwa shilingi elfu 30. Mke wangu hataki. Nifanyeje?
Mwenye Hati, Mtwapa

Marahaba mwanangu. Mkeo amekuokolea zaidi ya hizo elfu 30. Ukibomoa usiku, kukicha bibi ndiye mlalamishi nawe ndiye mshtakiwa, hati yako mkononi.

Tangu sheria ya ardhi irekebishwe mwaka 2016, hata aliyevamia ardhi ya mtu binafsi hupewa kwanza notisi ya maandishi ya miezi 3 au zaidi, na nakala zifike kwa naibu kamishna wa kaunti na kwa kamanda wa polisi wa divisheni ya eneo hilo. Akishaipata, ana haki ya kukimbilia kortini. Chifu atawapatanisha akipenda, ila ruhusa ya kubomoa si yake kutoa.

Lakini kuna swali barua yako imelikwepa. Umenitajia mkopo, hati, hata bei ya wahuni. Bibi alifika hapo lini, na nani alimkaribisha?

Hapo ndipo penye kesi yako yote. Kwetu Kenya, mtu akikaa kwenye ardhi yenye hati ya mwingine miaka 12 mfululizo, waziwazi, bila ruhusa ya mwenyewe, anaweza kuiomba mahakama imtambue kuwa ndiye mmiliki. Miaka hiyo haianzi upya kwa kuwa ardhi imeuzwa: ulinunua ploti pamoja na miaka yake. Notisi peke yake haisimamishi hesabu. Kufungua kesi ndiko huisimamisha. Ajabu ni kwamba aliyekaribishwa, tuseme alipewa shamba alilinde, hana dai hilo hata akikaa miaka 30 kwa ruhusa ile ile.

Basi nenda mchana, na mzee wa mtaa, na mkeo ukiweza, umsalimie bibi umsikilize. Usimwekee maneno mdomoni. Tazama minazi: unaozaa haukupandwa juzi. Na makaburi yale, uliza ni ya nani na ya mwaka gani, kwa adabu, maana pwani hii hatuziki watu wetu mahali tunapojiona wapita njia.

Ukitoka hapo, nenda kwa wakili na mkataba wa mauzo. Kama uliahidiwa ardhi tupu, wa kudaiwa kwanza ni huyo asiyeshika simu. Kama bibi hana miaka wala haki, notisi itolewe, na akikaidi, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko Malindi. Na kama miaka anayo, afadhali mkae mapema mzungumzie fidia au kumegeana.

Nitakugombeza kidogo: kwa nini hukukanyaga ploti kabla ya kulipa? Upekuzi kwenye sajili ya ardhi huonyesha jina la mwenye hati, haumwonyeshi bibi aliyeanika muhogo uani.

Hao vijana usiwape hata arubuni.