Maswali ya Wasomaji: Fimbo za Pool za Bei Nafuu kwa Chumba cha Nyumbani

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua meza ya pool iliyotumika kutoka baa moja iliyofungwa hapa mjini, nikaiweka katika chumba cha nje chenye upana wa mita 3.8 na urefu wa mita 5.2. Eneo la kuchezea ni sentimita 183 kwa 91, na mipira ni ile midogo, myekundu na ya njano. Fimbo zilizokuja nayo zote zimepinda. Nina shilingi laki tatu za kununulia fimbo nne, lakini fundi seremala wa jirani anasema atanikerezea za mninga kwa bei ndogo zaidi. Je, nimkubalie, au niagize Dar es Salaam?
Msomaji, Isevya, Tabora

JIBU: Ndugu yetu wa Isevya, kabla ya kuulizia bei, tazama mipira yako. Mipira myekundu na ya njano kwa kawaida ina kipenyo cha milimita 51, ilhali ile ya Kimarekani yenye namba ina milimita 57. Fimbo nyingi zenye nakshi za kuvutia madukani zimetengenezwa kwa mipira hiyo mikubwa, na ncha zake zina upana wa milimita 12 hadi 13, ambao kwa mpira mdogo humfanya mchezaji ashindwe kuona vizuri anapougusa. Wewe tafuta ncha ya milimita 9 au 10, na uzito wa aunsi 17 hadi 19, yaani kati ya gramu 480 na 540. Nakshi waachie wenye fedha za kuchezea.

Jambo la pili, na ndilo linalowaponza wanunuzi wengi, ni unyofu. Muuzaji atakuviringishia fimbo nzima mezani na kukuambia kwamba imenyooka. Mwombe aifungue kwenye skrubu, kisha kila kipande kiviringishwe peke yake. Mwanga unaoonekana chini ya kipande si kasoro, kwa kuwa fimbo hupungua unene kuelekea mbele. Kasoro ni pale mwanga huo unapopanuka na kusinyaa katika kila mzunguko. Kama unamwagiza ndugu aliyeko Kariakoo, msomee maelezo haya kwa simu akiwa dukani, si baada ya kulipa. Kwa safari ya basi au treni fimbo ya vipande viwili inafaa zaidi, maana ile ya kipande kimoja, yenye urefu wa sentimita 145, ni rahisi kukandamizwa na mizigo hadi ikapinda.

Ukague pia ncha yenyewe. Fimbo za bei ya chini kabisa huwa na ncha ya kufunga kwa skrubu, ambayo hulegea na kutoa mlio kila unapopiga. Afadhali ncha ya ngozi iliyobandikwa kwa gundi, kwa sababu ikiisha utabandika nyingine kwa gharama ndogo.

Kuhusu mninga, fundi wako hakosei kuusifu, kwani ukikauka vizuri hautembei ovyo, na kwa sehemu nene ya nyuma unafaa kabisa. Tatizo ni sehemu ya mbele. Watengenezaji hutumia mbao za eshi au mepo kwa sababu ni ngumu na nyuzi zake hunyooka, wakati nyuzi za mninga mara nyingi hupishana, na kijiti chembamba cha namna hiyo, hasa kikikerezwa kiangazi kwa mbao isiyokauka vyema, huanza kupinda mvua zinapoingia Novemba. Fundi huyo mpe kazi ya kishikizo cha ukutani kinachosimamisha fimbo wima, kwa kuwa nadhani zile za baa zilipindishwa na kuegemezwa ukutani.

Chumba chako nacho kina neno. Meza ikikaa katikati, kila upande wa upana unabakiwa na sentimita 144.5, hivyo fimbo ya kawaida itagusa ukuta hata kabla hujaivuta nyuma. Kwa hiyo usinunue nne. Nunua mbili za kawaida na moja fupi ya sentimita 122, itakayokuachia zaidi ya sentimita 20 za kuvuta mkono, kisha fedha ya ile ya nne nunulia ncha za akiba, gundi, msasa na chaki.

SWALI: Je, chaki ya shule inaweza kutumika kwenye fimbo?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Haifai. Chaki ya pool ina jina la chaki tu. Tangu William Spinks na William Hoskins walipoisajili hataza yao Marekani mwaka 1897, hutengenezwa kwa unga wa silika na madini mengine yanayokwaruza, ili ngozi ishike mpira. Ya shule ni laini, huacha ncha iteleze, na vumbi lake huchafua kitambaa cha meza. Kipande kimoja cha chaki halisi hudumu muda mrefu ukiipaka kwa wepesi kuzunguka ncha yote, badala ya kuichimba katikati.