Shangazi Anajibu: Pilau ya Krismasi

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi Mkristo, nimepanga Tanga, mlango wangu unatazamana na wa rafiki yangu Mwislamu. Kila Ramadhani huniletea futari: tambi, mihogo ya nazi, kaimati. Krismasi iliyopita nikampelekea pilau ya kuku. Alipokea kwa tabasamu, jioni nikamwona anawamwagia kuku wa mwenye nyumba. Nimeumia. Nimemkosea nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukunitajia jambo moja: kuku huyo alichinjwa na nani? Na sufuria ile, haijawahi kupikiwa kitimoto? Nadhani hapo ndipo penye kikwazo, na mwenzio ameona haya kukuuliza.

Mimi nilipoishi Muheza, kuku wetu wote, hata wa Krismasi, tulimwita kijana wa Kiislamu atuchinjie. Sufuria moja nikaitia alama ya msumari ukingoni. Nyama ya nguruwe haikuigusa kamwe. (Mume wangu alinuna wiki nzima. Akazoea.)

Mgongee mlango, mwambie ulichoona, umuulize. Na Idi ikifika, usikae kungoja sahani. Nenda asubuhi ukamsaidie kumenya vitunguu.